Wazo Baya Likibisha Hodi: Jinsi ya Kulijibu kwa Imani

Wakristo wengi wanaohangaika na mawazo mabaya wanateswa mara mbili. Kwanza wanateswa na wazo lenyewe: hofu, chuki, tamaa, au ile sauti inayowaambia hawana thamani. Halafu wanateswa na aibu ya kuwa nalo. "Mtu aliyeokoka anawazaje mambo kama haya?" Kwa aibu hiyo mtu anaacha kuomba, anajitenga na wenzake, na huko faraghani wazo linapata nafasi ya kujitanua linavyotaka.

Basi tuanze na jambo ambalo ukilikosa, hatua zote zinazofuata hazitakufaa: wazo kukujia si dhambi. Yesu alifunga nyikani siku 40, mjaribu akamwendea na kumwambia ayageuze mawe yawe mikate. Aliyasikia maneno yale, aliyaelewa, na njaa aliyokuwa nayo ilikuwa njaa ya kweli. Waraka kwa Waebrania unasema "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi" (4:15). Kama kujaribiwa kwenyewe kungekuwa dhambi, maneno hayo yasingeweza kuandikwa. Mmonaki Evagrius Ponticus, aliyefariki mwaka 399 baada ya kuishi miaka mingi katika jangwa la Misri, alifundisha kwamba mawazo kutusumbua au kutotusumbua hakuko katika uwezo wetu. Kilicho katika uwezo wetu ni kuyaacha yakae au kutoyaacha. Mwongozo huu wote unasimama juu ya tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Ijue njia ambayo wazo hupitia kwako

Yakobo ameieleza safari ya jaribu vizuri kuliko mtu yeyote: "Lakini kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa. Halafu ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi, na ile dhambi ikiisha kukomaa huzaa mauti" (1:14-15). Kuvutwa, kudanganywa, mimba, kuzaliwa, kukomaa. Kuna vituo kadhaa njiani, na katika kila kituo inawezekana kushuka. Lakini kadiri unavyochelewa ndivyo inavyokuwa vigumu.

Tuchukue mfano. Umefanya kazi kubwa, halafu mbele ya watu mkubwa wako anamsifu mwenzako kwa kazi hiyohiyo. Usiku umelala, taa imezimwa. Linakuja wazo la kwanza: "Leo wamenidharau." Hilo lina ukweli. Linafuata la pili: "Siku zote wananidharau." Hapo tayari limeongezwa "siku zote", na hilo si kweli. La tatu: "Hata Mungu anaona na hafanyi lolote." La nne halina maneno kabisa; ni mkono unaopapasa kitandani kutafuta simu, uandike ujumbe wa matusi, au ufungue zile picha ulizoapa hutazitazama tena. Umeanza na dhuluma uliyotendewa kweli, umefika kwenye dhambi yako mwenyewe, na pengine hata dakika tano hazijapita.

Watu wengi huanza kupigana kwenye wazo la nne, kisha wanalia kwamba hawana nguvu. Mahali pepesi pa kulizuia ni pale kati ya la kwanza na la pili, wakati uongo unapochanganywa na ukweli. Huko ndiko Mungu alikomkuta Kaini, kabla hajanyoosha mkono juu ya ndugu yake: "dhambi iko, inakuotea mlangoni, nayo inakutamani wewe, walakini yapasa uishinde" (Mwanzo 4:7). Kaini alikuwa bado hajaua. Alikuwa na ghadhabu na uso uliokunjamana, na Mungu alizungumza naye akiwa katika hali hiyo.

Kwa hiyo, kwa wiki moja, weka daftari dogo karibu nawe. Kila wazo baya likikulemea, andika mambo manne tu: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, kitu gani kilitangulia, na wazo lilisema nini. Usiandike hukumu juu yako. Wiki ikiisha, soma. Utaona kwamba mawazo yako hayaji ovyo ovyo kama ulivyodhani. Yana saa zake na milango yake.

Hatua ya 2: Litaje kwa sentensi moja

Wazo lisilotajwa hukaa kichwani kama ukungu, na ukungu haupigwi kwa upanga. "Najisikia vibaya" haisaidii. "Nafsi yangu inaniambia kwamba kwa sababu ya nilichofanya zamani, Mungu ameniacha" hiyo inasaidia, kwa kuwa sasa kuna kitu cha kujibiwa. Angalia pia nilivyoandika "inaniambia". Usiseme "mimi ni mtu aliyeachwa na Mungu." Sema "limenijia wazo kwamba nimeachwa." Mtunga Zaburi alifanya hivyohivyo, alisimama pembeni ya huzuni yake na kuihoji: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu" (42:5). Hakukana kwamba nafsi imeinama. Aliiuliza sababu, kisha akaielekeza pa kutazama.

Hatua ya 3: Pima sauti inatoka kwa nani

Hatua hii naomba usiiruke, hasa kama wewe ni mtu ambaye dhamiri yake hushtuka upesi. Si kila wazo linalouma linatoka kwa adui. Roho Mtakatifu naye huchoma moyo. Ukilikemea kila wazo linalokusumbua, unaweza kumkemea Mungu anayekuita utubu.

Paulo anatenganisha huzuni mbili katika 2 Wakorintho 7:10: huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu huleta toba iletayo wokovu, huzuni ya dunia huleta mauti. Utazitambua kwa dalili. Roho anapokuonya, hutaja jambo lenyewe: ulimdanganya fulani, nenda ukamwambie ukweli. Mshitaki, yaani Shetani, hataji jambo, hutaja wewe: wewe ni mwongo, ndivyo ulivyo, hutabadilika. Roho hukuonyesha njia ya kurudi. Mshitaki hukufungia milango yote, kisha anakulaumu kwa kukaa gizani.

Petro na Yuda walianguka katika usiku uleule, na wote wawili waliumia sana. Petro alitoka nje akalia kwa majonzi, lakini baadaye alibaki na wenzake, na Yesu alipofufuka alimkuta yupo. Yuda naye alijuta, hata akarudisha vile vipande 30 vya fedha na kukiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Kisha akaenda zake peke yake. Mimi naamini kwamba maneno hayo mawili, "peke yake", ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika mambo haya, na tutayarudia katika hatua ya 6.

Ukigundua ni onyo la Roho, tubu na utengeneze kilichoharibika. Hapo huhitaji hatua inayofuata. Ukigundua ni shutuma, tamaa au hofu, endelea.

Hatua ya 4: Lijibu kwa neno linalolingana nalo

Yesu hakubishana na Shetani. Hakumweleza hisia zake, wala hakujaribu kulisukuma wazo lile litoke kichwani kwa nguvu. Alisema "Imeandikwa" na kutaja andiko lililogusa hasa kile alichojaribiwa nacho. Mara tatu alijaribiwa, mara tatu akajibu, na majibu yote matatu yametoka katika kitabu kimoja, Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Alipoambiwa habari ya mikate alijibu habari ya mkate: "Mtu hataishi kwa mkate tu, ila kwa kila neno litokalo katika kinywa cha Mungu."

Kulingana huko ndiko kunakosahaulika. Mtu ana wazo la kulipiza kisasi, naye anakariri aya ya baraka za mali. Aya ni nzuri, ila haijagusa jeraha. Evagrius niliyemtaja aliona haja hii mapema: alikusanya karibu maandiko 500 na kuyapanga kufuatana na wazo ambalo kila andiko linalijibu, kuanzia ulafi hadi kiburi, ili mtu aliyesongwa asihangaike kutafuta.

Huhitaji 500. Rudi kwenye daftari lako, chagua mawazo mawili au matatu yanayokurudia mara nyingi, na kila moja ulitafutie andiko lake. Hapa kuna ya kuanzia:

- "Mungu amenikataa kwa dhambi zangu." Warumi 8:1: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu."
- "Jaribu hili hakuna mwingine analo, na sitaliweza." 1 Wakorintho 10:13.
- "Kesho itanimaliza." Mathayo 6:34, na 1 Petro 5:7 kuhusu kumtwika Mungu fadhaa zote.
- "Nitamlipa kwa alichonitenda." Warumi 12:19-21.
- "Wenzangu wamefanikiwa, mimi nimesahauliwa." Zaburi ya 73. Isome yote, kwa sababu mwandishi anaanza na wivu na inamchukua muda kufika anakofika.

Yashike kwa kichwa. "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi" (Zaburi 119:11). Limewekwa moyoni kabla ya jaribu. Usiku wa vita si wakati wa kuanza kufunua kurasa. Liandike andiko kwa mkono wako, lisome kwa sauti asubuhi na jioni, na likishakaa, geuza liwe sala kwa maneno yako: "Bwana, umesema hakuna hukumu. Wazo hili linasema ipo. Mimi nashika neno lako." Ukishajibu, inuka ufanye kazi nyingine. Usibaki umesimama mlangoni kuangalia kama wazo limeondoka kweli, kwa kuwa kulichungulia ndiko kunakolirudisha.

Tahadhari moja. Katika jaribu la kinara cha hekalu Shetani naye alinukuu maandiko, Zaburi ya 91. Neno lililong'olewa mahali pake laweza kutumiwa kuhalalisha lolote. Ukichagua aya, soma sura yake nzima angalau mara moja.

Hatua ya 5: Kwa tamaa za mwili, kimbia

Kuna mahali ambapo Biblia haisemi simama upigane. Inasema "Ikimbieni zinaa" (1 Wakorintho 6:18). Yusufu, mke wa Potifa alipomshika nguo, hakukaa kumpa mafundisho. Aliiacha nguo mkononi mwake akatoka nje. Alikuwa ameshamjibu kwa maneno siku nyingi zilizotangulia. Siku ile maneno yalikuwa yamekwisha kazi yake.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona watu wacha Mungu wakikaa palepale penye moto, wakiomba kwa machozi wasiungue. Mungu ameahidi "mlango wa kutokea", na mara nyingi mlango huo ni mlango hasa: toka chumbani, zima kifaa, ondoka kwenye mazungumzo, futa namba, nenda walipo watu. Warumi 13:14 inasema "msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake." Tamaa haiwaki bila kuni. Kama simu ndiyo inakuangusha usiku, isilale chumbani mwako. Mtu mwingine aweke nywila ya kuzuia kurasa hizo, wewe usiijue. Kama ni pombe, isiwepo nyumbani. Kama ni kamari, fedha zako zishikwe na mtu unayemwamini. Hayo yote ni utii, wala usione haya kuyafanya kana kwamba ni upungufu wa imani.

Hatua ya 6: Mwambie mtu mmoja

"Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa" (Yakobo 5:16). Wapo watakaofanya hivi katika sakramenti ya kitubio mbele ya padri, wapo watakaomwendea mchungaji au mzee wa kanisa, wapo watakaomwendea ndugu aliyekomaa katika imani. Chagua mtu anayejua kutunza siri, asiyeshtuka upesi wala kucheka upesi, na wa jinsia yako kama jaribu ni la zinaa. Usimchague mtu kwa sababu tu anaomba kwa sauti kubwa. Mchague kwa sababu umeshamsikia akisitiri mambo ya wengine.

Wengi wanakwama kwa kutojua waanzie wapi, basi anza hivi: "Nina jambo linanisumbua kwa muda sasa. Sihitaji ulitatue leo. Nahitaji mtu mmoja alijue, aniombee, na aniulize kila wiki." Kisha litaje. Usilizungushe kwa mafumbo, wala usisimulie kwa undani usiohitajika. Utashangaa jinsi kitu kilichokutawala miaka kinavyopungua kimo kikishasemwa mbele ya mtu mwingine.

Hatua ya 7: Utazame mwili wako

Eliya, baada ya ushindi mkubwa wa Karmeli, aliketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Malaika alimgusa akamwambia ainuke ale. Akala mkate na maji, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akala tena (1 Wafalme 19). Mazungumzo juu ya hofu na upweke wake yalikuja baadaye kabisa, huko Horebu.

Basi kabla hujahitimisha kwamba umevamiwa na giza kuu, jiulize: nimekula? Nimelala vya kutosha wiki hii? Nimekaa ndani siku ngapi bila kuonana na mtu? Na uamuzi mkubwa, kama wa kuacha ndoa, huduma au kazi, usiufanye ukiwa umelemewa. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti katika karne ya 16, alifundisha kwamba wakati wa ukiwa wa moyo, yaani moyo unapokuwa mkavu bila faraja, mtu asibadili alichoamua alipokuwa na amani. Ni shauri ambalo limeokoa wengi.

Hatua ya 8: Jaza nafasi iliyoachwa

Katika Mathayo 12:43-45 pepo aliyetoka anarudi na kuikuta nyumba ni tupu, imefagiwa na kupambwa, basi anakwenda kuchukua wengine saba waovu kuliko yeye. Kuondoa peke yake hakutoshi. Wafilipi 4:8 inatoa orodha ya kujazia: mambo ya kweli, ya staha, ya haki, safi, yenye kupendeza, yenye sifa njema. Yapangie saa. Kama daftari limekuonyesha kwamba saa nne usiku ndiyo saa yako mbaya, saa hiyo iwe na kitu chake: zaburi, wimbo, kumpigia mgonjwa simu, au kulala mapema tu. Kumhudumia mtu mwingine kuna nguvu ya pekee hapa, kwa sababu mawazo mengi ya giza hulishwa na kujitazama.

Pale ambapo hatua hizi hazitoshi

Kama mawazo yako yanakuambia ujiue au ujidhuru, usingoje kumaliza hatua yoyote. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, usikae peke yako, na uende hospitali. Kama huzuni imedumu majuma mengi, huli, hulali, wala hufurahii chochote, mwone daktari. Luka alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa. Hakuna ugomvi kati ya dawa na sala.

Wapo pia wanaosongwa na mawazo ya kumkufuru Mungu au ya kudhuru watu wanaowapenda, mawazo wanayoyachukia kabisa, ambayo hurudi mara nyingi kwa siku hata wakiwa kanisani. Wanarudia sala ileile au toba ileile tena na tena, na amani haiji. Mpendwa, kama huyo ni wewe, kuchukizwa kwako nayo kunaonyesha moyo wako uko wapi. Hali hii inajulikana kitabibu na ina matibabu. Kwako wewe hatua ya 4 isifanywe kwa kurudiarudia, maana hugeuka kuwa mnyororo mwingine. Mwone mshauri nasaha au daktari wa magonjwa ya akili, na kiongozi wako wa kiroho ajue.

Ukianguka

Luka anasema Ibilisi alimwacha Yesu "kwa muda". Jaribu litarudi, na huenda siku moja likakushinda. Hapo ndipo utakaposikia uongo mkubwa kuliko wote: umeshaharibu, basi malizia tu. Usimalizie. Simama hapohapo ulipofika, hata kama ni katikati ya tendo. Ungama kwa kulitaja jambo lenyewe, ukishika 1 Yohana 1:9, kwamba Mungu ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Usijiwekee adhabu ya kukaa siku kadhaa mbali na sala mpaka ujione umestahili tena. Hakuna siku uliyowahi kustahili. Kama kuna uliyemkosea, panga lini utamwendea. Andika kwenye daftari saa, mahali na kilichotangulia, kama ulivyofanya wiki ya kwanza, uone ni mlango gani uliachwa wazi. Kisha mpigie simu yule uliyemchagua katika hatua ya 6, siku hiyohiyo, kabla hujalala.